Kidole Kilivyowapeleka Wanawe Mdomoni

Hapo kale, meno yalipokuwa mawe matupu, hayakujua wali wala changarawe. Taya nalo lilikuwa na nguvu za namna moja tu: zote. Basi kila mlaji alitia kidole cha shahada mdomoni kupeleleza. Kikigusa kitu kigumu kilichomoka mbio, mwenyewe akatafuna taratibu. Kikichelewa, kililiwa. Usicheke, ndiyo maana wazee wa zama hizo walipunga mikono ya vidole vinne.

Wakati huo aliishi Bi Mwanamvua, msusi wa mikeka asiye na mpinzani. Mkeka wake ungeweza kuteka maji kisimani na tone lisidondoke. Anayebisha akausuke wake. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa, na bila mkeka wa mama, bibi harusi hatoki ndani. Jumanne, mkeka ukiwa nusu, akajing'ata kidole kikavimba kama kiazi.

"Kunywa uji, mke wangu," mumewe, Makame, akamshauri.

"Nikisuka kwa nguvu za uji, bwana, mwanao ataolewa Ijumaa ya mwakani!"

Akala wali bila mpelelezi. Ka! Changarawe ikapasua gego. Sasa akawa hana pa kushika: asipokula hasuki, na akila kwa kidole hasuki vilevile. Akaanza kukibembeleza.

"Rudi kazini, mwanangu."

"Sirudi!" kidole kikafoka. "Humo ndani hamna adabu." Kisha kikalegeza sauti. "Lakini nchani mwangu nina watoto, wanaitwa vipapasi. Hawaonekani kwa udogo, ila laini na ngumu wanazijua kuliko macho. Nitakupa baadhi yao wakae huko. Sharti ni moja: nikitaka kuwaona, usinifungie mlango."

"Kubali, Mwanamvua, kabla hakijageuka," Makame akanong'ona.

Vipapasi wakashuka ufizini. Na kwa kuwa walikulia kwenye mkono wa msusi, kati ya kila jino na mfupa wake wakafuma kitanda cha kamba. Jino likalala juu, wao wakajibanza kwenye nyuzi. Likitikisika kiduchu tu, wanajua.

Mwanamvua akatafuna ndizi. "Laini, punguza!" wakaita. Akatia njugu. "Ngumu, ongeza!" Akakuta changarawe. "Simama!" Taya likasimama hapo hapo. Akala akashiba, kidole kikapumzika, uvimbe ukanywea, na Ijumaa bibi harusi akatoka akikanyaga mkeka mpya.

Na tangu siku hiyo taya hupima nguvu zake, na changarawe humsimamisha mlaji kabla hajajua kwa nini. Kidole nacho hakijasahau sharti lake. Mtoto mchanga hukitia mdomoni kutwa. Mtu mzima akikiuma, wenzake husema anajuta. Hajuti kitu, kidole kimekwenda kuwajulia hali wanawe. Na jino liking'oka, kidole ndicho cha kwanza kuingia pengoni, kuuliza watoto wamehamia wapi.