Kiti cha Saa Saba

Kaeni. Mwenye haraka ya kukata hukumu akae nyuma kabisa, maana watu wa namna hiyo hunikatiza katikati, na mimi nikikatizwa huudhika. Hadithi hii nimekaa nayo mwaka wa pili sasa na sijapata jibu. Leo nawatwika na ninyi.

Tanga, mtaa wa Makorora, walikuwapo watu watatu waliokuwa wakila peke yao.

Wa kwanza ni Kombo, fundi redio. Kipaji chake ni masikio. Ukimpelekea redio mbovu haifungui. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anakuambia ni kitu gani ndani yake kimekufa. Mkewe alirudi kwao Muheza akasema anakwenda wiki moja, na wiki hiyo haijaisha. Tangu hapo, ikifika saa ya chakula, Kombo hufungulia redio zote za wateja kwa pamoja ili kibandani pasikike watu.

Wa pili ni Mama Salome. Huyu alifanya kazi ya kuunganisha simu, enzi zile ulipokuwa ukiomba namba na mtu anakuchomekea waya kwa mkono wake. Miaka thelathini. Kipaji chake ni vidole: mpe rundo la nyaya gizani, ataushika mmoja akuambie unatoka wapi na unakwenda wapi. Watoto wake wako mbali na simu zao ni fupi. Bado anapika sufuria ya watu sita kwa mazoea. Anakula vijiko vichache, kinachobaki ni cha paka wa jirani.

Wa tatu ni Hizza, mpima ardhi, mtu wa Lushoto aliyehamishiwa mjini. Kipaji chake ni mipaka. Akitembea kiwanjani anajua kinapoishia kabla hajatoa futi. Nyumba zote za mtaa ule anazijua urefu na upana, na kwa miaka miwili hakuna hata moja aliyokaribishwa ndani.

Basi katika mtaa huohuo aliishi Bi. Arafa, mjane, mchora kanga. Kanga zenu hizi mnazojifunga, nyingine zimetoka kichwani mwake. Alichora kwa kompyuta yenye skrini tatu zilizopangwa mezani ubavu kwa ubavu. Ya kushoto alichorea pindo, ya kati alichorea mji, yaani ile sehemu ya katikati ya kanga. Ya kulia haikuwa ya kazi.

Skrini ya kulia ilikuwa ya Shebe, mumewe, marehemu. Shebe ndiye aliyeifunga mitambo yote ile. Siku moja, akijaribu kamera mpya, alijirekodi akila chakula cha mchana, dakika kumi na moja. Akanyanyua uso akaita, "Arafa! Njoo ukae bwana, chakula kinapoa." Kisha akala, akacheka kwa sababu ya mwiba wa samaki, akafuta mikono. Basi, hakuna zaidi. Akaipanga kompyuta iwe inaufungua mkanda huo yenyewe kila siku saa saba mchana, kumtania mkewe, maana Bi. Arafa akishika kazi husahau kula. Alipofariki, Bi. Arafa hakuuondoa. Kila saa saba alipakua sahani mbili, moja yake, moja akaiweka mbele ya kiti kilicho wazi, akala akimtazama mumewe.

Najua kuna mtu anataka kuniuliza kwa nini asiuweke mkanda huo kwenye simu. Simu yake ni ile ya tochi. Niacheni nisimulie.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, skrini zote tatu zikazimika. Kompyuta ilikuwa inanguruma, taa yake inawaka, lakini skrini nyeusi tii. Bi. Arafa akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akachomoa nyaya zote nyuma, akazipuliza, akazirudisha popote zilipoingia. Bado giza.

Ikafika saa saba. Katika spika ikatoka sauti. "Arafa! Njoo ukae bwana, chakula kinapoa."

Akageuka. Skrini ya kulia nyeusi. Akasikia kijiko kikigonga sahani, akasikia kicheko cha mwiba, na sura haipo. Alisema baadaye kwamba siku ya mazishi hakuumia vile.

Akapiga simu duka moja la kompyuta mjini. Wakamwambia ailete, wafute kila kitu kilichomo ndani, waanze upya. Akawakatia simu. Jumapili alizunguka nyumba hadi nyumba kwa wale aliosikia wana mikono mizuri, akawaambia maneno yaleyale: "Atakayenirudishia sura ya Shebe, kile kiti ni chake. Kila siku saa saba atakula na mimi."

Mtu aliyeshiba mazungumzo hawezi kujua ahadi ile ilikuwa na uzito gani. Watatu hawa walijua.

Jumatatu akaja Kombo. "Hodi, dada Arafa." Hakugusa kitu. Aliinama kando ya kompyuta, akafumba macho.

"Kuna feni mbili humu," akasema. "Moja nasikia inazunguka. Ya pili inataka kuzunguka, haiwezi."

Akainua kitambaa. Sijawaambia kuhusu kitambaa? Kompyuta ile ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kama tunavyofunika televisheni na redio na makochi na kila kitu tunachokipenda. Bi. Arafa alikifuma baada ya msiba kwa heshima ya Shebe. Kikaziba matundu ya hewa, vumbi na nyuzi vikaingia hadi kwenye feni ya ile kadi inayotoa picha, nayo kadi ikapata joto mpaka ikagoma.

"Umeitunza mno," Kombo akamwambia taratibu. Akafungua, akasafisha kwa brashi, akalegeza nyuzi moja moja kwa kibano, akaipachika kadi upya. Feni ikazunguka. Kombo akatabasamu kwa ile sauti.

Skrini zikabaki nyeusi. Kombo akakusanya vifaa vyake, akaenda kula na redio zake.

Jumanne akaja Mama Salome. "Shoga, niletee stuli, magoti yangu si ya kupiga chini." Akapitisha mkono nyuma ya kompyuta bila kutazama, macho yake dirishani, vidole vinatembea.

"Nani alichomeka hizi?"

"Mimi."

"Umezichomeka kwa jirani. Matundu ya picha yako chini, kwenye kadi. Haya ya juu hayaendi popote. Mtu anapiga simu, na ofisini hakuna wa kupokea."

Akazichomoa, akazishusha moja moja kwenye kadi. Skrini ya kushoto ikawaka. Ya kati ikawaka. Bi. Arafa akapiga kigelegele peke yake. Kabla ya kulia haijapata picha, Mama Salome akapapasa tena, akakuta waya wa nne unaning'inia ukutani, hauna tundu. Na kwenye kadi limebaki tundu moja. Kwa mtu aliyefanya kazi ile miaka thelathini, waya unaoning'inia ni mtu anayengoja kuunganishwa. Hakuuliza, akauchomeka.

Skrini ya kulia haikuwaka. Walingoja wote wawili hadi saa saba, wakasikia sauti ya Shebe, hawakumwona. Mama Salome akamshika Bi. Arafa bega, akaenda zake nyumbani kwenye sufuria yake.

Jumatano akaja Hizza, saa sita na nusu. Alivua viatu mlangoni, akasimama kidogo hapo mlangoni kama mtu asiyeamini. Akakaa mbele ya kompyuta, akashika kipanya, akausukuma mshale kwenda kulia. Ukavuka ukingo wa skrini ya kati, ukapotea. Akaurudisha. Akausukuma tena, safari hii akihesabu.

"Mama, mshale hauishii hapa," akasema. "Ng'ambo ya ukingo huu kuna eneo. Pana kuliko skrini hii nyeusi. Picha inapelekwa huko."

"Huko wapi?"

"Sijui. Kuna skrini nyingine humu ndani?"

Bi. Arafa alitazama ule waya wa nne, akaufuata kwa macho mpaka kwenye kitobo cha ukutani. Ng'ambo ya ukuta ule kilikuwa chumba cha kulala. Shebe aliugua miezi minane. Alitoboa ukuta akapitisha waya hadi kwenye televisheni iliyokuwa mbele ya kitanda, ili alale akimtazama mkewe akichora. Alikuwa akipiga kelele kutoka kule: "Hilo ua kubwa mno, Arafa! Mtu atavaa bustani?" Baada ya mazishi kuna ndugu aliuchomoa ule waya ukabaki ukining'inia. Bi. Arafa akafunga mlango wa chumba. Miezi kumi na minne alikuwa analala sebuleni kwenye kochi.

Kadi ile ina matundu manne lakini inalisha skrini tatu tu kwa wakati mmoja. Mama Salome alipouchomeka waya wa nne, kompyuta ikakumbuka mpango wake wa zamani. Ikainyima skrini ya kulia, ikapeleka chumbani.

Saa saba ikagonga. "Arafa! Njoo ukae bwana..."

Bi. Arafa akatoa ufunguo kwenye ncha ya kanga. Mlango ukafunguka. Hizza akasimama kizingitini. "Mimi siingii, mama, mpaka uniambie."

Chumba kilikuwa na giza, madirisha yamefungwa. Televisheni, ambayo hakuna aliyeizima tangu msiba, ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mwanga ulikuwa unapenya kwenye maua yake. Bi. Arafa akakivuta. Shebe alikuwa pale anakula, peke yake, mbele ya kitanda kitupu. Akacheka kwa sababu ya mwiba. Bi. Arafa akakaa kitandani akalia kwa sauti, kile kilio alichokuwa hajakilia.

Mkanda ulipokwisha, akamwambia Hizza, "Mrudishe sebuleni." Hizza akauchomoa ule waya wa nne. Skrini ya kulia ikawaka.

Sasa tegeni masikio, hapa ndipo penye shughuli.

Ijumaa Bi. Arafa alipika wali wa nazi na mchuzi wa changu. Kabla ya saa saba wote watatu walikuwa mlangoni, wameoga, wamenyoosha nguo.

"Bila mimi kadi ingeungua," akasema Kombo. "Waya gani ungeponya kadi iliyokufa?"

"Umeondoka nyumba ina giza," akasema Mama Salome. "Mwanga wa kwanza niliuleta mimi."

"Na Shebe ukampeleka chumbani," akasema Hizza. "Sura aliyoiomba mama nimeirudisha mimi."

"Kwa kuchomoa waya mmoja!"

"Ulioweka wewe, Mama Salome."

Mama Salome akasema polepole, "Sawa. Na nisingeuchomeka, mlango ule ungefunguliwa lini?"



Mtaniambia: si wale kwa zamu? Kombo alisema hivyohivyo. Bi. Arafa akakataa. "Anayekuja kwa zamu ni mgeni. Mimi nataka mtu ambaye akichelewa nitatoka nje kumtazamia." Mtaniambia: waongezwe viti. Akakataa pia. "Watu wanne ni kikao. Vikao nimeshavikaa vya kutosha kwenye msiba." Mkali, nakubali, lakini kiti ni chake na ahadi ni yake.

Na kuna jambo moja ambalo hakuliona mpaka aliposogeza sahani. Kile kiti kiko katikati yake na skrini ya kulia. Siku zote alikuwa akimtazama Shebe juu ya mgongo wa kiti kitupu. Atakayekaa pale, awe nani, atamziba Shebe. Sura iliyohangaikiwa wiki nzima itakuwa nyuma ya kichwa cha mtu.

"Kwa hiyo hata Shebe yumo kwenye ugomvi huu," akasema Bi. Arafa, akiitazama skrini ya kulia, ambayo ilikuwa bado haijafungua mkanda. "Ni kiti chake. Hajakiacha."

Saa saba ikafika. Shebe akanyanyua uso. "Arafa! Njoo ukae bwana, chakula kinapoa."

Watu watatu mlangoni wakapiga hatua moja mbele, wote kwa pamoja. Kisha wakasimama, wakaoneana haya. Bi. Arafa alikuwa kashika sahani ya pili kwa mikono miwili.

Mimi nimemwacha pale. Kila nikimfikiria namkuta bado amesimama, mkanda una dakika kumi na moja tu, na nyumbani kwa wale watatu hakuna anayewangoja. Haya, wewe uliyekaa nyuma kwa haraka zako, njoo mbele. Utampa Kombo aliyeiponya kadi? Utampa Mama Salome aliyeleta mwanga, na kwa kosa lake mlango ukafunguka? Utampa Hizza aliyeifuata sura mpaka ilipojificha? Au utairudisha sahani mezani, kiti kibaki wazi, na uwaambie watu watatu waende wakale peke yao?

Amua basi. Wali unapoa.