Moyo Uliopimwa Umekaa

Wapendwa, mfikirieni mama mmoja mchuma chai. Moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno, madaktari wakampandikizia kifuani, chini ya ngozi, kifaa kidogo cha kuuongezea mwendo. Kukipanga hakuhitaji kisu. Fundi wa hospitali huweka kidude juu ya kifua, akabonyeza kompyuta, basi.

Kilipangwa mara nne, na mara nne mama alirudi shambani akaanguka. Mteremkoni, kikapu mgongoni, giza machoni. Msimamizi akamwambia, "Mama, nakuheshimu, lakini nikikuokota tena, kikapu nampa mwingine." Naye alichuma chai tangu hajaolewa. Angekaa nyumbani afanye nini, achunge kuku?

Akaenda hospitali mara ya tano. Sasa sikilizeni alivyokuwa akienda kila mara. Alitangulia mjini kwa dada yake siku mbili, apumzike, "nisimfikie daktari nahema kama mbuzi." Alioga, akavaa kitenge kipya, akatulia kwenye benchi. Akiulizwa hali: "Sijambo, baba, namshukuru Mungu." Mara zote nne fundi yuleyule alihangaika saa nzima, na kila namba aliyoiona ilikuwa sawa.

Safari hii alimkuta fundi mwingine, baba wa makamo. Huyu alianza kwa kusoma kumbukumbu za kile kifaa.

"Mama, kifaa kinasema siku mbili hizi umekaa tu kama bibi harusi. Kwani kazi yako nini?"

"Nachuma chai."

"Shamba ni tambarare?"

Mama akacheka. "Tambarare? Kule hata mbuzi wanapanda wakiomba!"

"Basi twende kwenye ngazi. Na hii ndoo ya maji ubebe."

"Na kitenge hiki? Nitaloa jasho, baba, watu wananiona!"

"Jasho hilo ndilo ninalolitaka."

Wakapanda, fundi kompyuta ndogo begani, amemshika kiwiko. Ghorofa ya pili, giza likaja. Mama akaegemea ukuta, machozi yakamtoka. "Mimi si mzima, baba. Nimekuwa nikiwadanganya."

Fundi akamkalisha palepale kwenye ngazi, akaweka kidude kifuani, akabonyeza mara tatu ili kifaa kiuharakishe moyo anapopanda. "Haya, tupande tena."

Akapanda ngazi zilezile, kwa ndoo ileile. Alifika juu kitenge kimeloa, anahema, amesimama. Kazi iliyoshindikana benchini kwa saa nne nzima, imemalizwa kwa robo saa.

Je, kifaa kilikuwa kibovu? Fundi wa kwanza hakuijua kazi? Hapana. Alimtibu mama wa kwenye benchi, na mama wa kwenye benchi hakuwa anaumwa.

Sasa tutazame benchi tulizokalia sisi. Leo tumeoga, tumevaa, tumetulia. Hujambo? Sijambo, Bwana asifiwe! Na jana nyumbani tulirushiana maneno gani? Nani hapa hajaongea na ndugu yake tangu msiba ule? Tunaomba ombi la mtu aliyekaa, halafu Jumatatu tunaanguka mteremkoni, tunasema Mungu hasikii.

Kumbukumbu zetu zote Mungu anazo. Haogopi jasho letu, wala hakai juu ya ngazi akitungoja. Anataka kupanda nasi, ametushika kiwiko.

Tusimame tuombe. Leo tusimwambie hatujambo. Tumwonyeshe ni ngazi ya ngapi tunapoishiwa pumzi.