Nyamizi Mpaka Mafuta na Pigano la Chatu na Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama wagonjwa wa meno. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakichota maji kisima kimoja na kutukanana kwa lugha moja, palikuwa na mjane akiitwa Nyamizi. Hakuwa na mume, hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na nyumba moja ya nyasi na viganja viwili. Kila palipokuwa na pigano, yeye ndiye aliyewapaka wapiganaji mafuta ya nyonyo, kuanzia shingo mpaka mkia. Na desturi ya kijiji ilikuwa hivi: aliyewapaka mafuta husimama uwanjani kabla ya ngoma, akamtaja atakayeshinda. Kwa nini yeye? Kwa sababu wengine wametazama tu, yeye ameshika. Lakini akikosea, nyumba yake inang'olewa paa, naye anafungasha na kuhama.

Siku hiyo walipigana Chatu na Nyegere. Pigano la kila namna: ngumi ruksa, teke ruksa, mwereka ruksa, kukaba ruksa. Anayeshindwa hupiga ardhi mara tatu, kwa mkono, kwa kwato au kwa mkia, kila mtu na alichozaliwa nacho.

Chatu alikuwa mlinzi wa Jumbe Ngiri. Alilala mlangoni pake, na kila aliyekataa kulima shamba la Jumbe alikumbatiwa mpaka akakubali. Kijiji kizima kilikubali. Nyegere peke yake alisema hakubali, na hilo kumbatio lije mchana, watu waone.

Basi asubuhi Nyamizi akampaka Chatu. Mwili mgumu kama mchi. Akampaka Nyegere. Alipomshika mgongoni, ngozi ikafuata mkono, Nyegere mwenyewe akabaki palepale. Akaivuta kushoto, ikaenda. Akaivuta kulia, ikaenda.

"We Nyegere, ngozi hii umeazima kwa nani?"

"Ya kwangu, mama. Nitaijaza nikinenepa."

"Ole wako uijaze," Nyamizi akasema.

Jumbe Ngiri akaja, pembe mbele, tumbo nyuma.

"Nyamizi, leo utamtaja Chatu."

"Umempaka wewe?"

"Sijampaka."

"Basi usinifundishe, Jumbe."

Jirani yake Kanga akamvuta pembeni. "Shoga, sema Chatu tu, yaishe. Utalala wapi wewe?"

"Nitalala kwako."

"Kwangu hapatoshi!"

"Basi niombee."

Uwanja ukajaa. Nyamizi akasimama katikati, mikono bado inateleza mafuta.

"Anashinda Nyegere."

"Umesema nani?" Jumbe akauliza.

"Nyegere."

"Rudia!"

"Nyegere! Au nikuchoree chini?"

Ngoma ikalia. Nyegere akaingia kwa ngumi, Chatu hakupepesa. Akaingia kwa teke, Chatu hakupepesa. Akarudi kwa ngumi tena, na hapo Chatu akamzungushia mzingo wa kwanza.

Jumbe akasema, "Nyamizi, futa neno lako, nyumba yako ibaki."

"Sifuti."

Chatu akamzungushia mzingo wa pili. Jumbe akawapigia nyani wake mluzi, wakapanda nyumba ya Nyamizi. Nyasi zikaanza kuruka.

"Pigano halijaisha!" Kanga akapiga kelele. Nyani hawakumsikia, walikuwa wanafurahia kazi.

"Futa neno lako, Nyamizi."

"Sifuti."

Chatu akamzungushia mzingo wa tatu. Ulimi wa Nyegere ukatoka nje, macho yakawa kama ya chura. Nyamizi akageuza shingo. Paa lilikuwa limekwisha lote, fito tupu, na kitanda chake kinaanikwa juani mbele ya kijiji kizima. Akajiuliza, je, kama viganja vimezeeka?

"Futa neno lako!"

Akavitazama, bado vinateleza mafuta. "Sifuti. Hata akifia humo, sifuti. Nilichoshika nimekishika."

Hapo ndipo Nyegere alipogeuka. Chatu alikuwa ameikamata ngozi, ameikamata vizuri sana, lakini mwenye ngozi alikuwa ndani akijipindua taratibu, kama mtu mwembamba ndani ya kanzu ya baba yake. Mgongo ukaenda chini, tumbo likaja juu, na mdomo ukafika chini ya taya la Chatu. Akauma. Nyegere akiuma, nyie, hana habari ya kuachia.

Chatu akabana. Nyegere akauma. Chatu akabana tena. Nyegere akauma zaidi.

Mkia ukapiga ardhi. Pa! Pa! Pa!

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimwamsha hata bundi. Jumbe Ngiri akakohoa, akajipangusa vumbi ambalo hakuwa nalo.

"Pigano zuri, pigano zuri. Nyamizi, kesho nitatuma vijana waje waezeke."

"Kesho hapana. Vijana hapana. Panda wewe, na upande sasa."

"Mimi? Jumbe mzima?"

"Wewe, Jumbe mzima."

Jumbe akageuka kumwita Chatu. Chatu alikwishaingia kichakani, hata kuaga hakuaga. Jumbe akawatazama wanakijiji. Walikuwa wamemzunguka, mikono kiunoni, hakuna aliyeinamisha kichwa.

Basi akapanda. Kwato zikateleza kwenye fito, matako yakaelekea mbinguni. Nyamizi akasimama chini, anampa matita ya nyasi, moja moja.

"Hilo limekaa upande. Toa."

Akatoa.

"Bado upande. Toa."

Akatoa.

"Mama Nyamizi," Jumbe akalia, na hajawahi kumwita mama hata siku moja, "jua kali huku juu!"

"Nalijua, linanichomea kitanda. Toa, weka upya."

Hadithi yangu naiachia hapo hapo, juu ya paa. Anayeona haikutosha, akampe Ngiri nyasi.