Fimbo Aliyoiazima Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi zile njema ambapo wanyama waliazimana chumvi na moto bila kuoneana haya, Nyati na mkewe waliishi chini ya mlima. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, ndama aliyeitwa Chande. Juu ya mlango wao ilichomekwa fimbo ya mkwaju. Chande akimwaga maziwa, chapa! Akichelewa kisimani, chapa! Na walimpenda, wanangu, msidhani hawakumpenda. Wenyewe walilelewa hivyo, wakaona ndiyo malezi.

Jirani yao wa mwambani alikuwa Pimbi, mdogo asiyezidi kikapu, mwenye watoto tele.

Siku moja Pimbi alimkuta Chande amejificha nyuma ya mwamba, analia kimyakimya. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama mguuni, na mguu umevimba, umeanza kunuka. Pimbi akajaribu kuuvuta, ukamshinda. Ulitaka mwenye nguvu.

"Twende kwa baba yako," akasema.

"Sitaki. Alinikataza kucheza migungani. Ukimwambia, nakimbilia msituni."

Msituni alikuwako Simba, na ndama anayechechemea hafiki mbali. Pimbi akawaza.

Jioni akapiga hodi kwa Nyati. "Baba Chande, naomba kuazima fimbo yenu. Watoto wamenishinda."

Nyati akacheka. Miaka yote alikuwa akimtania Pimbi kwa kuwabembeleza wanawe. "Leo umepata akili," akasema, akaichomoa. "Ukimaliza, urudishe."

Kesho yake Nyati akaifuata. Pimbi akamwambia wanawe ni wengi, hajafika hata nusu. Siku ya pili akamwambia kitinda mimba ana homa, anasubiri apone kwanza ndipo amchape. Kumnyang'anya jirani kitu ulichomwazima ilikuwa aibu siku zile, basi Nyati akarudi mikono mitupu, akijisifu kwa mkewe kwamba fimbo yao inalea mlima mzima.

Hajamaliza kujisifu, Chande akaingia akichechemea, akajikwaa. Mtungi wa mama yake ukaanguka, pwaa!

Mama Chande akanyoosha mkono juu ya mlango. Patupu. Nyati naye akatazama. Patupu. Wakabaki wanaangaliana kama wageni katika nyumba yao wenyewe.

"Umejikwaaje?" mama akauliza, maana hakuwa na la kufanya ila kuuliza.

Chande naye akatazama juu ya mlango. Akavuta pumzi. "Mguu, mama. Una mwiba. Siku nyingi."

Nyati akapiga magoti, akaushika mguu, akauvuta ule mwiba hadi ukatoka na usaha wake.

"Mbona hukuniambia?"

"Fimbo ilikuwepo, baba."

Nyati akaenda kuchota maji. Akauosha mguu kwa maji ya chumvi, taratibu. Alipomaliza kuufunga akasema, "Nisamehe, mwanangu. Na Mungu anisamehe."

Asubuhi akaenda kwa Pimbi. Akaikuta fimbo imesimikwa bustanini, maharage yameanza kujisokota juu yake. Watoto wa Pimbi walikuwa wakicheza pale chini, na hakuna hata mmoja aliyeikimbia.

"Kumbe hukumchapa yeyote," akasema Nyati. "Umenidanganya."

"Nimekudanganya, Baba Chande. Fimbo ni yako. Ila ukiing'oa, mboga ya watoto italala chini."

Nyati akaishika fimbo. Kisha akainama, akashindilia udongo kwenye shina lake, isimame vizuri.

Tangu siku hiyo Chande akijikwaa, hukimbilia nyumbani. Na sisi tuliolelewa kwa fimbo tulichukue hili: mtoto asiyeogopa mkono wa mzazi wake ndiye atakayemwonyesha mwiba ulipo.