Ngiri Aingia Karantini

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mkuyu!

Na chini ya mkuyu?

Pakawa na mlafi!

Basi mlafi huyo alikuwa Ngiri. Mkuyu ulikuwa wa wote, lakini makuyu yakiiva na kudondoka, puu! puu! puu!, mlaji alikuwa yeye. Likianguka huku, nyafu! Likianguka kule, nyafu! Sange, kale kamnyama kadogo kama panya kenye pua ndefu, alikuwa na watoto wanne, na siku ya pili hawajatia kitu tumboni. Akisogea tu, Ngiri anamwonyesha pembe.

Asubuhi moja Ngiri akamkuta Sange anafagia shimo la zamani lililochimbwa na muhanga. Fya, fya, fya.

"We Sange, unafanya nini?"

"Naandaa karantini, Bwana Ngiri."

Ngiri akaduwaa. Karantini? Inaliwa? Inavaliwa? Akaona haya kuuliza, mtu mzima na pembe zake.

"Aaa, karantini!" akasema. "Ile ya zamani au hii ya siku hizi?"

"Ile ile, Bwana." Sange alikulia chini ya sakafu ya shule, akasikia kamusi ikisomwa mpaka ikamkaa kichwani. "Ni neno la Kiingereza. Lina maana, lina matumizi, lina asili."

"Najua," akasema Ngiri, na hajui. "Hebu sema, nione kama na wewe unajua."

"Maana yake, kukaa peke yako, usichangamane na wenzako."

Vizuri, akawaza Ngiri. Mimi na hawa wadogo tuchangamane kwa lipi?

"Matumizi yake, kwa msafiri aliyetoka mbali. Anapewa chumba chake, hakuna wa kumgusa, chakula anapelekewa mlangoni."

Mate yakamdondoka Ngiri.

"Asili yake, Waingereza walilitoa kwa Wataliano, na huko lilitokana na hesabu ya arobaini. Meli ikitia nanga, watu wanakaa siku arobaini."

"Arobaini! Na heshima yote hiyo uipate wewe? Mimi nimetoka mbali kukushinda. Nipishe!"

"Lakini Bwana, ukitoa hata pua, tunahesabu upya."

"Nipishe, nimesema!"

Akajitosa kichwa mbele, kukuru kukuru, hadi ndani. Kule nje, puu! puu! puu!, na watoto wa Sange, nyam nyam nyam. Mlangoni likaletwa kuyu moja.

"Moja tu?"

"Nilisema chakula kinaletwa, Bwana. Sikutaja kiasi."

Ngiri akalipindua neno, maana, matumizi, asili. Hakuona uongo. Basi mbona njaa inauma? Siku ya tisa akatoa pua anuse.

"Tunaanza moja!" akaita Sange.

Siku zilipotimia, Ngiri akatoka ngozi imemlegea. Mkuyuni hakuna hata tunda, na watoto wa Sange wana vitambi.

"Sange, kuna kitu hukuniambia?"

"Hukuuliza, Bwana. Karantini huwekwa anayeshukiwa ana ugonjwa."

"Ugonjwa? Mimi nilikuwa naumwa nini?"

"Ulafi. Umepata nafuu?"

Ngiri akawaza mpaka kichwa kikamgonga. "Kidogo," akasema.

Tangu hapo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, ajionee nani anakula nje.

Funzo, wanangu: ukisikia neno usilolijua, usithubutu kuuliza. Watu watakucheka! Heri njaa ya siku arobaini na tisa kuliko aibu ya dakika moja.

Ngano yangu imeingia shimoni. Atakayetoa pua, tunaanza moja!