Jiwe Lililosuguliwa kwa Matumbo ya Watoto

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Jiwe, na juu ya jiwe pimbi.
Na anayesinzia?
Mwache asinzie, kesho jirani yake atamsimulia uongo.

Haya. Hapo kale, kale hasa, Kongoti akiwa bado na manyoya kichwani, palikuwa na mlima wa mawe, na mlima huo ulikuwa mji wa pimbi. Pimbi mnawajua. Wanyama wadogo, mkia hawana, maneno wanayo. Asubuhi kukiwa na baridi hawafanyi kitu. Wanapanda juu ya jiwe, wanalala kifudifudi, wanaota jua mpaka damu ichangamke. Kabla ya hapo hata umtukane pimbi, atakutazama tu.

Hapo alikaa Nyamizi na watoto wake watatu: mapacha Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija. Mume alikuwa naye, chui akamla. Alibakiwa na pango, watoto na mdomo wake.

Siku moja akatua Kongoti, yule ndege mrefu. Manyoya ya kichwani ameyalaza upande mmoja kwa maji. Mgongoni koti jeusi, shingoni mfuko unaning'inia. Akatembea polepole kama mkaguzi, akawaambia akina mama:

"Nimekuja kufungua darasa la watoto wadogo. Watakaa mstari. Hawatakimbia, hawatapiga kelele. Mtoto mwema ni mtoto aliyetulia."

"Mfukoni mna nini, mwalimu?" Nyamizi akauliza.

"Chaki."

Akina mama wakafurahi. Bi Kabula, jirani yake Nyamizi, alikuwa wa kwanza kumpeleka mwanawe Masanja. Wakafika watoto kumi na wanne. Wakafundishwa kukunja mikono, kufumba macho na kuhesabu mpaka kumi. Wakila, wamekaa. Wakishiba, wamekaa. Wakanenepa.

"Mnaiona afya hiyo?" Kongoti akawaambia wazazi, huku akiwapapasa watoto mbavu kwa ncha ya mdomo.

Watoto wa Nyamizi hawakwenda. Wao walikuwa na mteremko wao, jiwe refu lililoishia kwenye ufa mwembamba. Kukicha tu, kabla jua halijachomoza, walikuwa wameshapanda juu. Mmoja anakuwa chui. Chui akisema "sasa", wengine wanateleza kwa matumbo, vuu, mpaka ndani ya ufa. Wa mwisho kuingia ndiye chui. Mchezo huo hawakufundishwa na mtu.

Kongoti akaenda kwa Nyamizi mara ya kwanza.

"Bibi, wanao hawaonekani darasani."

"Wangu wana kazi."

"Kazi gani?"

"Wanacheza."

Kongoti akacheka puani, akaenda zake.

Siku hiyohiyo Kulwa na Doto wakagombana, kila mmoja anataka kuwa chui. Wakang'atana masikio. Nyamizi akainuka aende kuwachapa, halafu akakaa tena. Akasikiliza. Shija, mdogo kama ngumi, akawaambia, "Kuweni chui wawili. Mimi nitawakimbia wote." Wakaachiana masikio, wakafikiri, wakakubali. Na kweli akawakimbia wote. Nyamizi akatafuna jani lake akajisemea, huyu nimemzaa mimi.

Kongoti akaenda mara ya pili, na safari hii na Bi Kabula.

"Jirani, unatutia aibu," Bi Kabula akasema. "Masanja wangu anakaa tangu asubuhi mpaka jioni hajikuni. Wako wana matumbo mekundu kwa kuparuzwa na mawe."

"Akiwashwa je?"

"Anavumilia."

"Basi pole yake. Wangu wana kazi, wanacheza."

Hapo Kongoti akashauri jambo jingine. Pimbi tangu enzi na enzi huweka mlinzi juu ya jiwe, akiona adui anapiga mbinja, wote wanazama pangoni. Kongoti akasema mbinja zinakata somo. Akina mama wakamshusha mlinzi. Mji mzima wenye akili zao wakamshusha mlinzi ili watoto wahesabu mpaka kumi.

Kongoti akaenda mara ya tatu, na nyuma yake akina mama wote. Bi Kabula ndiye aliyesema.

"Nyamizi, siku ya mahafali inakuja. Wanao wakae mstari na wenzao siku hiyo, au uchukue watoto wako uhame mlima huu."

Nyamizi akatazama bondeni. Kuhama mlima ni kushuka bondeni, na bondeni pimbi hana pango, ana kaburi. Jioni akamwita Shija, akamkalisha mlangoni, akamkunja mikono.

"Tulia hivyo."

Shija akatulia. Sisimizi akapita, Shija hakumfuata. Kulwa akaita, Shija hakuitika. Macho yake yakawa kama ya samaki wa sokoni. Nyamizi akaviangalia vile vimikono vilivyokunjwa, akalitema jani lililokuwa mdomoni. 

"Ondoka hapo," akasema, akamsukuma kwa kichwa. "Nenda kateleze. Kama ni kuhama, tutahama tukiwa tunakimbia."

Siku ya mahafali ikafika. Kongoti akachagua alfajiri, ukungu bado umelala. Akachagua juu ya mteremko kwa sababu ni tambarare na pana nafasi ya wageni. Wageni wenyewe ni ndugu zake saba, wote koti jeusi, wote mfuko shingoni. Akina mama walikuwa wamelala juu ya jiwe la pili wakisubiri jua, baridi imewakaza kama kuni.

"Watoto, kaeni mstari. Fumbeni macho. Hesabuni mpaka kumi, polepole."

Wakafumba. "Moja. Mbili."

Ndugu saba wakasogea hatua moja.

"Tatu. Nne."

Wakafungua midomo, na Kongoti naye. Bi Kabula akaona. Akataka kupiga kelele, baridi imemkaba koo. Akataka kukimbia, miguu ikakataa. Akabaki anamtazama Masanja wake, mnene, mwema, ametulia.

Lakini watoto watatu wa Nyamizi hawakukaa mstarini; walikuwa kando ya mteremko wao, wametoka kuteleza mara ishirini. Damu yao ilikuwa imeshachemka zamani. Shija akaona midomo minane iliyofunguka, akasema neno moja tu.

"Sasa."

Kulwa akamng'ata sikio Masanja, azinduke. Doto akarudi nyuma, akakimbia, akaupiga mstari kwa bega upande wa mwisho. Na mstari ulikuwa umenyooka vizuri kabisa, mwalimu aliunyoosha mwenyewe. Wa kwanza akamwangukia wa pili, wa pili akamwangukia wa tatu, wote kumi na wanne wakafika mteremkoni. Jiwe lile lilikuwa limesuguliwa kwa matumbo ya watoto watatu msimu mzima, linang'aa kama sahani. Vuu. Wakaingia ndani ya ufa wakiwa bado na "tano" mdomoni. Shija akaingia wa mwisho.

Kongoti akashuka nyuma yao kwa hasira, akasukumiza kichwa ufani. Kikakwama. Mle ndani watoto kumi na saba wakakishika, wakavuta manyoya. Alipokuja kuchomoka alikuwa na kipara, na ngozi nyekundu kama kidonda. Ndugu zake walishakimbia.

Jua likatoka. Akina mama wakateremka mbio, wakawakuta watoto wanagombana. Masanja alikuwa analia.

"Umeumia wapi, mwanangu?" Bi Kabula akauliza.

"Wanasema hawarudii. Mimi nataka tena."

Bi Kabula akamgeukia Nyamizi, akatazama chini.

"Jirani, kesho wanao watacheza wapi?"

"Palepale," Nyamizi akasema. "Mlete. Na mlinzi apande juu sasa hivi, mbinja yake haijawahi kumkatia mtu somo la maana."

Akaenda kulala juani katikati kabisa ya jiwe, mahali pazuri kuliko pote, na hakuna aliyemwambia asogee.

Kongoti mpaka leo mnamwona jalalani, amesimama kimya, hatikisiki, kipara juani. Anafuata somo lake.

Nanyi mnaowakalisha watoto wa miaka mitatu kama wazee wa baraza, mmesikia. Mtoto anapocheza yuko kazini. Anajenga miguu, jicho, akili na wenzake, na hiyo kazi hakuna atakayemfanyia. Kaa pembeni, angalia adui, funga mdomo.

Hadithi imeteleza, imeingia ufani. Anayeitaka aifuate kwa tumbo.