Nipe Fagio

Palikuwa na fundi saa mmoja, Mhindi wa mji mdogo kama huu wetu, ambaye hakuvumilia saa iliyochelewa wala neno lililopotoka. Mezani kwake kilisemwa Kigujarati peke yake. Mjukuu akichomeka neno moja la Kiswahili, alirudishwa mwanzo wa sala ya chakula, na dengu zikapoa. Mwishowe wajukuu wakajifunza kuomba chumvi kwa kidole.

Msicheke sana. Ni wangapi kati yetu Wagujarati humu ukumbini wana meza kama hiyo?

Baba yake fundi huyu alipokuwa anakufa alimwachia ombi moja: aende Gujarat, katika kijiji cha mababu, akawashe taa mbele ya Mama, mungu wa kike mlinzi wa ukoo wao. Mzee mwenyewe alifika huko mara moja tu ujanani, akaahidi kurudi, miaka ikampita. Fundi akakata tiketi. Wiki tatu nzima kabla ya safari alisimama mbele ya kioo akifanya mazoezi ya Kigujarati, asije akawaaibisha marehemu.

Alipofika, hekalu la Mama lilikuwa dogo, na mlango una kufuli. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwa bibi mmoja mkavu kama ukuni. Bibi alimtazama viatu kwanza, kisha uso, akamweleza kwamba mwaka uliopita alikuja bwana mwingine mwenye viatu vizuri, akalia machozi mengi kwa ajili ya babu yake, na siku ya tatu akatoa utepe akaanza kupima shamba.

Fundi akaapa kwamba hataki hata shubiri ya ardhi. Akasimama wima, akataja mababu saba, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea.

"Hao wameandikwa hapo ukutani nyuma yangu," bibi akasema. "Hata yule wa mwaka jana aliwasoma."

Mtu wetu akatazama saa yake. Gari lake la kurudi lilikuwa kesho yake asubuhi. Sasa angekwenda kumwambia nini marehemu baba yake? Kwamba alifika mlangoni? Akainama, akaona ngazi za hekalu zimejaa majani na mavi ya mbuzi. Akafikiri, kama siruhusiwi kuingia, angalau nisafishe hapa nje.

"Ba," akasema kwa Kigujarati chake na kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama yake, "nipe fagio."

"Nikupe nini?"

"Fagio."

Bibi akamgeukia jirani, jirani akamgeukia mkewe. Hakuna aliyelijua neno hilo. Fundi akawaonea huruma. Alijua kwamba Waswahili nao husema fagio, ila kwa hesabu zake wao ndio walioliazima kutoka Kigujarati. Akawaambia polepole, kama mwalimu, kwamba pengine huku kijijini wameanza kusahau Kigujarati safi. Kisha akainama akafagia hewa kwa mikono miwili, wapate kuelewa.

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Jirani akamwambia kitu hicho huitwa savarni, na kimeitwa hivyo tangu dunia iumbwe.

Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa chini.

"Sema tena," akasema.

"Fagio," fundi akajibu, safari hii kwa sauti ndogo.

"Nilipokuwa na miaka tisa alikuja kaka yetu mmoja, mtoto wa baba yetu mkubwa, aliyezaliwa Afrika. Alikaa hapa msimu mzima wa mvua, na kila asubuhi alimsumbua mama yangu, nipe fagio, nipe fagio. Tukamwita Fagio mpaka alipoondoka. Sijalisikia tena kwa kinywa cha mtu mwingine." Akafungua kamba kiunoni. "Mimi ni shangazi yako. Chukua ufunguo, mtoto wa Fagio, ingia ukamwashie baba yako taa."

Akaingia, akawasha. Na kijiji kizima kikamwita Mtoto wa Fagio mpaka alipopanda gari.

Ndugu zangu, Kigujarati chake cha wiki tatu hakikufungua kufuli lile. Majina saba hayakulifungua. Lililolifungua ni neno ambalo angemwadhibu mjukuu kwa kulitamka, kama angejua kwamba asili yake ni Kiswahili.

Na sisi? Sisi tunahangaika kuwaonyesha watoto ukoo uliotakata, usio na doa la nchi hii, kana kwamba wazee wetu waliishi hapa miaka mia bila kuongea na jirani. Waliongea. Walifundishwa majina ya vitu na watu waliowapokea, wakayaweka midomoni mwao pamoja na sala. Hilo nalo ni urithi, tusilionee haya. Kilicho safi, hata tapeli anaweza kukikariri kutoka ukutani. Lakini kilichochakaa kwa kutumiwa na watu wetu, nani atakiiga?